“Bado” isiyo na mwisho

Mja mzito wa Githurai 45 akishafikisha wiki ya 37 huacha kusalimiwa kama watu wengine. Huulizwa. Jirani anayepishana naye kwenye ngazi za ghorofa humtazama tumbo kabla ya kumtazama uso, kisha husema, “Bado?” Mama mboga wa kando ya reli humkatia sukuma wiki huku akimwuliza neno lilo hilo. Mama mkwe hupiga simu kutoka Murang’a au Kakamega na, salamu zikiwa hazijakamilika, hutaka kujua, “Kwani bado?” Naye mwenye tumbo hana jibu jingine ila kulirudisha neno kama lilivyokuja: “Bado.”

Neno hili la silabi mbili ndilo ninalotaka tulitazame leo. Huenda msomaji akashangaa mwanaisimu anatafuta nini katika shughuli za wakunga. Nitajitetea kwa kusema kwamba uzazi, kabla haujawa kazi ya mikono, ni kazi ya maneno. Mama hueleza anachokihisi, mkunga huuliza, mmoja hunena na mwingine hufasiri, na uamuzi wa kukaa au kuondoka, wa kulazwa au kurudishwa nyumbani, hutegemea jinsi walivyoelewana. Maneno yakipotoka, mikono hata iwe stadi namna gani huchelewa kufika.

Wanafunzi wa sarufi hufundishwa kwamba bado ina nyuso mbili. Ikiandamana na kitenzi cha kukubali hueleza hali inayoendelea: bado amelala, bado yumo nyumbani. Ikiandamana na kikanushi cha -ja- hueleza jambo ambalo halijatukia lakini linatarajiwa: bado hajajifungua. Tofauti iliyopo baina ya “hakujifungua” na “hajajifungua” si ndogo, kwani usemi wa kwanza umeufunga mlango ilhali wa pili umeuacha wazi na macho yako njiani. Lakini neno hili lina tabia ya tatu ambayo vitabu vya sarufi huipitia haraka. Hupenda kusimama peke yake, bila kitenzi, bila wakati, bila sharti. Likisimama hivyo, kujaza kilichobaki ni kazi ya msikilizaji. Jirani wa ngazini akiambiwa “bado” hujaza kwa mzaha na kuendelea na safari yake. Mama mwenye uchungu akiambiwa “bado” na muuguzi, usiku, katika chumba cha mapokezi, ajaze nini?

Hoja yangu ni kwamba katika wiki za mwisho za mimba, na hasa katika saa za kwanza za uchungu, akina mama wengi hupewa “bado” tupu na watu ambao wangeweza kuijaza, na kwamba utupu huo ni hatari kama zilivyo hatari nyingine za uzazi ambazo huziandikia mabango.

Tuanze na hesabu, maana fujo huanzia hapo. Kila Mswahili na kila Mkenya anajua kwamba mimba ni miezi tisa. Kila muuguzi anajua kwamba mimba ni wiki 40. Kwa masikio ya kawaida hizo ni kauli mbili za jambo moja, lakini si hivyo. Anayejua kwamba mwezi una wiki nne atazidisha tisa kwa nne, naye atapata 36. Kwa hesabu hiyo, mama aliyeambiwa kliniki kuwa yuko wiki ya 36 huamini ametimiza miezi yake tisa na kwamba mtoto anaweza kuja leo bila shaka yoyote. Muuguzi, kwa upande wake, anajua kwamba mtoto wa wiki 36 bado ni njiti, maana mimba huhesabiwa kuwa imekomaa kuanzia wiki ya 37. Ikifika wiki ya 39 mama yule yule huanza kuingiwa na hofu kwamba amepitiliza, na huku nyumbani anasikia minong’ono kuwa mtoto “amekwama” au kwamba kuna mtu aliyemfunga. Kumbe hajapitiliza hata siku moja.

Isitoshe, hesabu ya hospitali huanza siku ambayo hakuna mimba. Huanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani takribani wiki mbili kabla ya mimba kutungwa. Kanuni inayotumika duniani kote hufungamanishwa na jina la daktari Mjerumani, Franz Naegele wa Heidelberg, aliyefariki mwaka 1851: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza miezi tisa, kisha ongeza siku saba. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Januari anatarajiwa kujifungua tarehe 17 Oktoba, siku 280 baadaye. Kwa hiyo miezi tisa ya wazee wetu haikukosea sana, bali imepungukiwa na wiki moja tu. Kinachokosea ni mwezi wa wiki nne, ambao haupo katika kalenda yoyote isipokuwa ya Februari.

Hata tarehe hiyo yenyewe si miadi. Watoto wanaozaliwa siku ile ile iliyoandikwa ni wapatao watano tu kati ya 100. Wengine wote hutangulia au huchelewa, wengi wao kwa siku chache pande zote mbili. Lakini tarehe ikishaandikwa kwa wino katika kijitabu cha kliniki hupata mamlaka ya hati ya serikali. Mume huomba ruhusa kazini kwa tarehe hiyo. Mama mzazi hukata tikiti ya basi kwa tarehe hiyo. Siku ikipita, kila anayeuliza “bado?” huuliza kana kwamba kuna aliyevunja ahadi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza kwamba mama ambaye kwa hakika ametimiza wiki 41 asaidiwe kuanzishwa uchungu. Hapo basi “bado” ya tarehe ina mwisho wake, na mwisho huo ni wiki ya 41, si siku ya pili baada ya tarehe, wala si mwezi ujao. Ni mama wangapi huambiwa hivyo waziwazi?

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Kiswahili kimelipa jambo hili msamiati ambao lugha nyingine zingeuonea wivu. Mama “hujifungua”, kitenzi cha kujirejea, kana kwamba yeye ndiye fundo na yeye ndiye mfunguaji. Anayemsaidia ni “mkunga”, neno linalokaa jirani na “kunga”, yaani mambo ya siri wanayofunzana watu wazima. Lakini katika siku za mwisho, mwanamke wa Githurai aghalabu hayatumii maneno haya. Mtaa huu umekusanya Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo, na vijana wao wamelikopa jina la Kiingereza la mpira kuwa ndilo neno la mimba. Kiswahili kinachotumika hapa ni cha sokoni, chepesi na chenye nguvu, ila kina umaskini mmoja: neno “tumbo” limebebeshwa mizigo mingi mno. “Naumwa na tumbo” ni kauli ya mwenye njaa, ya aliyekula chakula kilichochacha, ya aliye hedhini na ya aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Mwanamke anayeona haya mbele ya mkwewe, au mbele ya muuguzi mwanamume, husema hivyo na kunyamaza, akitumai ataeleweka. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mficha uchi hazai, lakini hawakutuambia tufanye nini pale lugha yenyewe inapokuwa nguo.

Vivyo hivyo na maji. Pwani na Tanzania utasikia kwamba “chupa imepasuka”. Nairobi wengi husema “maji yamevunjika”, tafsiri ya Kiingereza neno kwa neno, ambayo mwalimu wa Kiswahili angeitia wino mwekundu. Mimi siwezi kuipigia kelele mradi inaeleweka. Tatizo ni kwamba misemo yote miwili inatujengea picha ya kishindo: chupa hupasuka, kitu huvunjika, sakafu hulowa. Mama ambaye maji yake yanachirizika tone kwa tone tangu asubuhi haoni chochote kilichopasuka wala kuvunjika, hivyo hudhani ni mkojo na huona aibu kutaja. Akae hivyo siku mbili, na maambukizi yameshapata njia ya kumfikia mtoto.

Nina ugomvi pia na msemo “uchungu wa uongo”. Mwaka 1872 daktari Mwingereza, John Braxton Hicks, alieleza jinsi tumbo la uzazi linavyojikaza na kulegea kwa muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Mikazo hiyo haina mpangilio, haiongezeki nguvu, na mara nyingi hutulia mama akitembea, akilala au akinywa maji. Ule wa kweli una utaratibu: huja, huenda, hurudi kwa vipindi vinavyozidi kukaribiana, huanzia kiunoni au mgongoni ukazunguka mbele, na hautulizwi na chochote. Wakati mwingine hutanguliwa na ute mzito wenye madoa ya damu. Tofauti hiyo ni muhimu na yafaa kila mama aijue. Lakini kumwambia mtu anayeumwa kwamba uchungu wake ni wa uongo ni kumwita mwongo kwa njia ya mkato. Aliyerudishwa nyumbani mara moja kwa “uongo” huo atasita sana kurudi mara ya pili, asije akachekwa. Na mara ya pili ndiyo huenda ikawa yenyewe.

Hebu tumfuate mama mmoja wa kubuni. Ni saa tatu usiku, uchungu umemshika tangu alasiri, na amefika hospitalini akiwa na dada yake. Anapimwa. Mlango wa kizazi umefunguka sentimita mbili. Muuguzi, ambaye ana wengine sita wanaomngoja, anavua glavu na kusema, “Bado, mama. Nenda nyumbani, urudi uchungu ukizidi.” Kwa mujibu wa elimu ya uzazi muuguzi hajasema jambo la ajabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema kwamba hatua hai ya uchungu huanzia sentimita tano, na kwamba kipindi kinachotangulia hakina urefu maalumu. Chaweza kuwa cha saa chache kwa huyu na cha siku nzima kwa yule. Kumlaza mama mapema mno kuna madhara yake pia, kwani hushawishi watu kumharakisha kwa dawa na visu bila sababu.

Lakini mwongozo uo huo, na hapa ndipo wengi hawafiki, haukubali kwamba kumchelewesha mama mlangoni hadi hatua hiyo iwe ndiyo sera ya hospitali. Unapendekeza sera ya aina hiyo itumike tu ndani ya utafiti wenye masharti makali. Aidha, unataka mama aruhusiwe kuwa na mwenzi anayemtaka wakati wote wa uchungu, na unataka wahudumu wazungumze naye kwa njia rahisi zinazokubalika katika utamaduni wake. Mazungumzo yamewekwa pale kuwa pendekezo la tiba, sawa na dawa.

Tazama sasa maneno “nenda nyumbani” yanamaanisha nini Githurai 45. Mtaa huu ulipata jina lake kutokana na nambari ya basi. Nambari 44 ilikwenda upande mmoja wa Barabara ya Thika, 45 upande wa pili, nazo zikaganda zikawa majina. Hakuna asemaye “arobaini na tano”, kwani makanga huita “foti faivu” na hata wakongwe wamezoea. Upande wa 44 uko Kaunti ya Nairobi, upande wa 45 uko Kaunti ya Kiambu, katika eneobunge la Ruiru. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, mama anayevuka barabara amevuka serikali. Akitaka hospitali ya umma anaweza kwenda Ruiru, au Thika, au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, au ageukie mjini hadi Pumwani, ambako watoto wa Nairobi wamekuwa wakizaliwa tangu 1926. Barabara kuu iliyopanuliwa kati ya 2009 na 2012 ni pana na nzuri. Ila kabla ya kuifikia kuna ngazi za ghorofa nne au tano zisizo na lifti, kuna vichochoro ambavyo gari halipiti, kuna soko lililomwagikia njiani, na kuna kutafuta usiku wa manane mtu mwenye gari au bodaboda anayekubali kumbeba mwanamke anayelia. Mama aliyeambiwa “urudi uchungu ukizidi” atalazimika kuifanya safari hiyo mara ya pili akiwa katika hali mbaya zaidi, na nauli ya usiku atailipa upya.

Thaddeus na Maine, katika makala yao ya mwaka 1994 ambayo wanafunzi wa afya ya jamii hawaikwepi, walitenga ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua akina mama: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mama wetu wa kubuni aliamua mapema na kufika mapema. “Bado” ndiyo iliyomrudisha mwanzo wa foleni, aanze upya kuamua na upya kusafiri.

Mwaka 2020 tuliliona hili likitendeka hadharani. Kafyu ya korona ilipotangazwa mwezi Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, magari yalipotea barabarani na wenye uchungu wakakwama majumbani. Daktari kijana wa magonjwa ya wanawake, Jemimah Kariuki, alianzisha mpango ulioitwa Wheels for Life, ambapo mama alipiga simu ya bure ya 1195, akazungumza na daktari, na ikibidi akatumiwa teksi au ambulensi. Shirika la Afya Duniani lilimtunukia tuzo mwaka 2022. Wengi walisifu magari. Mimi ninasifu simu. Kabla ya gari kuondoka kulikuwa na mtu wa kusikiliza, wa kuuliza, na wa kumwambia mama kama ni bado ya kungoja au ya kuondoka sasa hivi.

Takwimu za taifa zinatuambia kwamba wanawake wamekwisha kutimiza sehemu yao. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014, uzazi uliosaidiwa na mhudumu mwenye ujuzi ulikuwa asilimia 62. Katika ule wa 2022 ulikuwa asilimia 89. Huko ni kupanda kukubwa, na sera ya kujifungua bila malipo iliyotangazwa tarehe 1 Juni 2013 haikosi sehemu yake. Hata hivyo, hesabu iliyotokana na sensa ya 2019 ilikadiria vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto hai 100,000 wanaozaliwa. Akina mama wanakwenda hospitalini. Yatupasa tuulize wanaambiwa nini wakifika.

Mara nyingine wanaambiwa matusi. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kesi ya mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, akazomewa na wauguzi badala ya kusaidiwa. Mahakama ilisema haki zake za kikatiba zilikiukwa, ikaamuru aombwe radhi na alipwe shilingi milioni 2.5. Katika uamuzi huo kilichohukumiwa si kukosekana kwa kitanda peke yake. Maneno nayo yalihukumiwa. Sisi wa isimu tumefundisha kwa miaka mingi kwamba kunena ni kutenda, na darasa likasinzia. Jaji wa Bungoma aliandika jambo hilo kwa namna ambayo serikali ilipaswa kulilipia.

Lakini nisije nikawatwika wauguzi mzigo wote. Aliyesimama zamu ya usiku na wenye uchungu saba hana muda wa balagha, na Kiingereza alichosomeshwa hakikumpa maneno ya kumweleza mama wa Mwihoko habari ya mlango wa kizazi. Chukua kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ambacho kila mja mzito hubeba mkobani kama pasipoti. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Jedwali lake lina safu za umri wa mimba, kimo cha tumbo, mlalo wa mtoto na mapigo ya moyo wake, na muuguzi huzijaza kwa vifupisho. Mama hukibeba miezi minane pasi na kukisoma. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi. Ikiwa kuna karatasi moja katika jamhuri hii inayostahili kuandikwa kwa lugha ya taifa, ni ile inayomwambia mwanamke dalili za hatari.

Tena inawezekana. Shirika la Jacaranda Health, lililofungua hospitali yake ya uzazi huko Kahawa, hatua chache kutoka Githurai, huwatumia waja wazito ujumbe mfupi wa simu kwa Kiswahili na Kiingereza kupitia huduma iitwayo PROMPTS, nao huweza kujibu na kuuliza. Kila ninapoufikiria mpango huo hunijia tamaa ya kitaaluma ya kuyasoma maswali hayo yote, kwa maana hapo ndipo Kiswahili halisi cha uzazi kinapoandikwa, na waandishi wa kamusi hawapo.

Mtu anaweza kusema kwamba uchungu haupimwi kwa saa, kwa hiyo muuguzi hawezi kuipa “bado” mwisho. Historia inamkanusha. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika jiji tunaloliita leo Harare, walichapisha chati ya kufuatilia uchungu. Shida yao ilikuwa ya Kiafrika hasa: wakunga katika zahanati za pembeni walihitaji kujua ni lini waache kungoja na kumpeleka mama hospitalini. Kwenye chati walichora mstari wa tahadhari na, saa nne mbele yake, mstari wa kuchukua hatua. Uchungu ukivuka mstari, kungoja kumekwisha. Miaka mingi baadaye imebainika kwamba kasi ya sentimita moja kwa saa waliyoifuata ni kali mno kwa wanawake wengi wenye afya, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu usiofungwa na mstari mmoja. Lakini wazo la msingi halijafutwa, nalo ni kwamba mkunga asingoje bila kujua anangoja hadi lini. Tuliwapa wakunga mistari miwili ya kuwaongoza tukamwacha mama na neno moja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa methali haihitaji tafsiri.

Kuna jambo la fedha ambalo nitaligusa kwa ufupi. Tangu Oktoba 2024 kazi za NHIF zilihamia kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mpango wa Linda Mama waliouzoea akina mama tangu 2016 ukapewa sura nyingine inayodai usajili na michango. Hayo ni ya kuulizwa na kumalizwa kabla ya wiki ya 36, si mlangoni saa tisa usiku. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni kwamba mama amwone mhudumu mara nane katika mimba, na mara tatu kati ya hizo ni katika wiki za 36, 38 na 40. Katika ziara hizo tatu nafasi ipo ya kumwuliza mama anaishi ghorofa ya ngapi, nani ana gari, nani atabaki na watoto, na kama huu ni uzazi wake wa kwanza au wa nne. Swali la mwisho si la udadisi. Aliyekwisha kuzaa huenda haraka, na “bado” ya sentimita tatu kwake yaweza isidumu hata kufika nyumbani.

“Bado” iliyojazwa yaweza kusikika hivi: “Bado, mama. Mlango umefunguka sentimita mbili, mtoto yuko salama, moyo wake nimeusikia. Unakaa wapi? Githurai? Basi usirudi nyumbani, ngazi na usiku havikufai. Kaa hapa kwenye benchi na dada yako, utembee, unywe chai, nami nitakupima tena saa saba. Ukiona damu inayotoka kama hedhi, maji yakitoka, kichwa kikikuuma sana, macho yakiona ukungu, ukihisi joto kali, au mtoto akiacha kucheza, usingoje saa saba, niite.” Na kama nyumba ni ya karibu na mama mwenyewe ataka kurudi, saa ya kurudi iandikwe katika kijitabu kwa Kiswahili, pamoja na dalili zizo hizo, ili mume au jirani aliyebaki naye aweze kusoma.

Nimeyasoma maneno hayo ya muuguzi kwa sauti, bila haraka, nikitazama saa. Hayakufika dakika moja.